Kuamua

Mwaka wa kumi na tisa huu naandika hukumu za wenzangu
katika Mahakama ya Mwanzo, Tandahimba.
Meza yangu ina mguu mmoja mfupi,
nimeutegea kipande cha tofali.

Hakimu, hukumu, hekima:
ndugu wa tumbo moja, alitufundisha mwalimu,
ila kazini hawaji pamoja,
na huyo wa mwisho ana ruhusa nyingi za ugonjwa.

Shauri, nalo: ukipewa, umependwa;
likifunguliwa juu yako, utauza mbuzi;
ukiambiwa "shauri yako",
hapo hata wakili hakusaidii.

Msimu ukifika hukumu huhamia ghalani.
Mkwepu, kijana wa chama cha msingi,
huchota konzi kwenye gunia,
hukata korosho moja moja, hutazama ndani,
halafu husema bila kuinua macho: "Daraja la pili."
Hakuna rufaa.
Salfa ya mkopo, palizi, ada ya mtoto wa kidato cha tatu,
mwaka mzima wa mtu umelala pale
vipande viwili.

Na mimi nisijitoe.
Fainali ile ya Mahuta na Kitama
filimbi ilikuwa mdomoni mwangu.
Vumbi jekundu, mpira, mkono,
au bega, wallahi sijui.
Nikapuliza.
Leo watoto waliozaliwa baada ya ile mechi
huniita sokoni: "Penati! Shikamoo, Penati!"

Sasa, Jumanne ile.
Mikorosho arobaini na miwili, Nanhyanga.
Mdai, Halfani Litunu: baba alipanda, mimi nikapalilia.
Mdaiwa, Bi Namkoka, dada wa marehemu:
mali hufuata tumbo la mama, toka lini ikafuata jembe?
Mzee wa baraza wa kwanza akasema ni ya mtoto.
Wa pili akasema ni ya ukoo, akarudi kusinzia.
Hakimu wetu mgeni, hajanusa bado hata msimu mmoja wa mabibo,
akauliza: "Mdaiwa, una neno kabla sijaamua?"

Bi Namkoka akasimama, akakaza kanga.

"Mheshimiwa, kuamua nakujua.
Watoto wakipigana uani
jirani hutupa mwiko, huingia katikati,
hula ngumi moja ya bure,
hushika mmoja huku, mmoja kule,
mpaka pumzi zirudi.
Huyo ndiye mwamuzi.
Wewe, baba, umekaa mbali mno.
Ngumi zetu hazikufikii."

Kalamu yangu ikasimama.
Fomu ina nafasi ya ameshinda,
ina nafasi ya ameshindwa,
na mstari mmoja wa gharama.
Sikuona pa kumwandika jirani yule na mwiko wake.

Hakimu alitazama kiti chake,
kwanza mkono wa kulia, halafu wa kushoto,
kama mtu anayetafuta ufunguo.
Nikadhani atainuka.
Hakuinuka. Akasoma:
thelathini kwa kijana, kumi na miwili kwa shangazi,
asiyeridhika ana siku thelathini.

Nikaandika "Imeamuliwa". Nikagonga muhuri,
tofali likateleza, wino ukamwagika kidogo
kwenye jina la marehemu.

Dirishani niliwaona wakigombana nauli na dereva,
wote wawili, sauti moja,
wakishusha elfu tano hadi elfu tatu.
Halafu wakapanda bodaboda moja, mishikaki:
dereva, kijana, shangazi nyuma kabisa,
mkono wake umemshika mpwawe kiunoni
maana barabara ya Nanhyanga ina mashimo.
Kati yao
hapakuwa na mtu.